MFA, uzamili wa mwaka mmoja, kozi ya mbali au meza yako mwenyewe: ulinganisho kwa anayetaka kusomea uandishi wa kubuni

Swali huja karibu kila mara kwa sura ile ile: "Nina mswada kabatini, nimechoka kuandika usiku baada ya kazi. Nisomee uandishi? Chuo gani?" Hilo la chuo ni la mwisho. Ukimkalisha muulizaji ukamdadisi, utakuta ana mojawapo ya njaa mbili. Ama hana muda, ama muda anao ila hana mtu wa kumsomea na kumwambia kweli. Njaa hizi hazishibi kwa chungu kimoja. Mwenye njaa ya muda akijiandikisha kwenye kozi ya ada kubwa anarudi na deni litakalomla muda ule ule alioufuata. Mwenye njaa ya wasomaji akipewa posho na chumba kimya anaweza kukaa humo akitazama dari. Kwa hiyo nimezilinganisha njia hizi kwa maswali mawili: nani analipia saa zako, na nani atasoma kurasa zako. Mengine nimeyapitia kwa kadiri yanavyohusu.

Njia zenyewe

Ya kwanza ni MFA (Master of Fine Arts, uzamili wa sanaa) ya kukaa chuoni, mtindo wa Marekani, miaka miwili au mitatu. Ya pili ni MA (Master of Arts, uzamili wa kawaida) ya Uingereza, mwaka mmoja kwa anayesoma muda wote, miwili kwa anayesoma nusu muda. Ya tatu ni kozi ya mbali: unabaki na kazi yako, unakwenda chuoni mara mbili kwa mwaka kwa siku kumi hivi, na katikati unamtumia mwalimu kurasa. Ya nne ni kutojiandikisha popote: meza yako, kikundi cha wasomaji na maktaba. Uzamivu nao upo, ila anayeuliza swali hili kwa mara ya kwanza hauhitaji bado.

MFA na MA watu huzitaja kwa pumzi moja, kumbe ukoo wake ni tofauti. Chuo Kikuu cha Iowa kilikubali mwaka 1922 kwamba mtu anaweza kupata shahada ya juu kwa kuwasilisha kazi ya kubuni, na warsha yake ya waandishi ikaanza mwaka 1936. Flannery O'Connor, mwandishi wa hadithi fupi wa Marekani, alihitimu hapo mwaka 1947. Huko MFA imepangwa kama karakana ya mchoraji: unapewa nafasi, unatengeneza vitu, wenzako wanapita kuvitazama. Uingereza walichelewa. Wanariwaya Malcolm Bradbury na Angus Wilson walianzisha MA ya uandishi katika Chuo Kikuu cha East Anglia, mjini Norwich, mwaka 1970, na mwanafunzi wao wa kwanza alikuwa mwanariwaya Ian McEwan. Kazuo Ishiguro alipita hapo miaka kumi baadaye, na mwaka 2017 akapata Nobel ya fasihi. Lakini MA yenyewe ni kozi ya kawaida ya chuo kikuu, yenye mihula, alama na tasnifu, na mwanafunzi anailipia kama kozi nyingine yoyote.

Majina hayo makubwa vyuo huyapanga mbele kwenye matangazo yao. Yasikupumbaze. Hakuna tangazo linalotaja wale waliohitimu darasa hilo hilo na hawakuandika tena.

Nani analipa

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwa Marekani, kwanza tenganisha MFA yenye ufadhili kamili na isiyo nao. Jina ni moja, vitu ni viwili. Kituo cha Michener katika Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin, kinamlipia kila mwanafunzi ada kwa miaka mitatu na kumpa posho ya kuishi, na hakimdai kufundisha. Kinachodaiwa ni ashughulikie tanzu mbili, mathalani riwaya na tamthilia, au ushairi na filamu. Chuo Kikuu cha Cornell huchukua watu wanane tu kwa mwaka, wanne wa nathari na wanne wa ushairi, na wote hufadhiliwa. NoViolet Bulawayo, mwanariwaya wa Zimbabwe, alimaliza hapo mwaka 2010. Iowa ni kubwa zaidi, huchukua takriban 25 wa nathari na 25 wa ushairi, nao pia hupewa msaada. Sasa geuza ukurasa: zipo MFA za majina yanayong'aa vilevile ambazo ada peke yake kwa miaka miwili inapita dola 100,000, na chuo kinakupa punguzo dogo pamoja na barua ya pongezi.

Msimamo wangu sina haja ya kuuficha. Usikope pesa nyingi kwa ajili ya shahada hii. Daktari akikopa anajua mshahara utakaolipa deni lake. Mwandishi hana mshahara unaomngoja, na hadithi fupi iliyochapishwa katika jarida zuri mara nyingi hailipi hata ada ya kuomba nafasi chuoni.

Hata hivyo ufadhili kamili si wa bure. Mahali pengi posho inakuja na kazi ya kufundisha, kwa kawaida darasa moja kila muhula la wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaojifunza kuandika insha. Chukua wanafunzi 20, kila mmoja na insha nne. Hizo ni insha 80. Ukitumia dakika 20 kwa kila moja, umekwenda na saa karibu 27 za kusahihisha peke yake, kabla hujaandaa somo wala kusimama darasani. Bado ni biashara nzuri kuliko ajira ya siku nzima. Ila anayekwenda akidhani ataamka kila asubuhi na kuandika hadi adhuhuri, ajue kuna asubuhi zitakazoliwa na kazi za vijana wa miaka 18 wasiotaka kuwa pale.

Uingereza hesabu ni nyingine. Ada ya mgeni ni kubwa kuliko ya mwenyeji, ufadhili wa chuo chenyewe ni haba, na mara nyingi nafasi hiyo moja au mbili zinagombewa na kozi nzima. Mlango mpana zaidi ni ufadhili wa serikali. Chevening, wa serikali ya Uingereza, unalipia uzamili wa mwaka mmoja, ukiwemo wa uandishi, kwa masharti ambayo wengi huyasoma wakiwa wamechelewa: uwe na uzoefu wa kazi wa walau miaka miwili, na ukimaliza urudi nchini kwako kwa miaka miwili. Kwa Marekani unaofanana nao ni Fulbright. Faida ya Uingereza ni ufupi. Mwaka mmoja wa kuacha kazi ni rahisi kuuombea ruhusa kuliko mitatu. Hasara yake ni ufupi huo huo. Mihula ya kufundishwa inakwisha ukiwa ndio kwanza umezoea kusikia sauti yako ikisomwa na wengine, kisha unaingia majira ya joto kuandika tasnifu ya maneno 15,000 hivi. Hiyo ni sura mbili tatu za riwaya. Wengi hutoka na mwanzo mzuri sana wa kitabu, na katikati ya kitabu wanakutana nayo baadaye wakiwa peke yao.

Kozi ya mbali haina ufadhili wa maana, na hilo niliseme wazi. Unachobaki nacho ni mshahara wako. Kwa mwenye watoto, mkopo wa nyumba au mzazi wa kumtazama, mara nyingi ndiyo njia pekee inayowezekana.

Na kwa yule ambaye njaa yake ni muda mtupu, kuna kitu ambacho hata si shahada: ufadhili wa Stegner wa Chuo Kikuu cha Stanford. Watu watano wa nathari na watano wa ushairi kila mwaka, miaka miwili, posho na warsha, hakuna cheti mwishoni. Kuupata ni vigumu kama kupita tundu la sindano. Nautaja kwa sababu unasaidia kupima nia: ukisoma maelezo yake ukahisi kuna kitu kinakosekana kwa kuwa hakuna shahada, basi pengine karatasi ndiyo unayoitaka, na hiyo nayo si haramu, mradi ujijue.

Nani anasoma

Moyo wa MFA na MA ni warsha. Watu kumi au kumi na wawili mezani. Wiki moja kabla, mwandishi amewagawia hadithi yake. Kila mmoja ameisoma, ameandika pembeni, amekuja na barua fupi. Kwa mtindo wa zamani mwandishi hufunga mdomo muda wote wanapoijadili, kana kwamba amekufa na wao ni warithi wanaogawana vyombo.

Warsha yangu ya kwanza nilipeleka hadithi ya kurasa 14. Zilirudi nakala 11. Nilipozitandaza sakafuni usiku ule, nikaona watu saba wamechora mstari pembeni mwa aya ile ile, ukurasa wa sita. Mmoja alisema ni ndefu. Mwingine alisema ni fupi. Wa tatu alitaka ihamie mwanzoni, wa nne alitaka mazungumzo, na watatu waliandika tu alama ya kuuliza. Ningewasikiliza wote ningepata kichaa. Nakala ya nane haikuwa na kitu ukurasa wa sita. Ilikuwa na mstari mmoja wa penseli ukurasa wa tano: "Mama yake tumemwacha jikoni na sufuria mkononi. Yuko wapi?" Nikarudi kusoma. Kweli, nilikuwa nimemsahau mama wa watu amesimama. Huzuni ya ukurasa wa sita haikuwa na mtu wa kuibeba, ndiyo maana watu saba walijikwaa pale pale na kila mmoja akalaumu jiwe lake.

Hiyo ndiyo thamani ya warsha, na ndiyo kasoro yake. Kundi linajua kuonyesha mahali panapouma. Dawa yake mara nyingi haliijui. Anayeandika kwa kufuata ushauri wa mezani mwishowe anatoa hadithi isiyomkera mtu yeyote, na hadithi ya namna hiyo haina anayeikumbuka. Walimu wengi sasa wameacha kumziba mwandishi mdomo. Baadhi hutumia utaratibu uliobuniwa mwaka 1990 na mwanadansi Liz Lerman, ambao kwanza wasikilizaji husema kilichowagusa, kisha mwandishi huuliza maswali yake, kisha wao huuliza maswali yasiyobeba hukumu, na maoni hutolewa mwisho kabisa, tena kwa idhini ya mwandishi. Ukipiga hodi chuoni, uliza wanatumia utaratibu gani. Jibu litakueleza mengi kuliko orodha ya tuzo.

Kozi ya mbali inageuza meza hii. Msomaji wako mkuu ni mmoja, mwalimu uliyepangiwa kwa muhula, na unamtumia kurasa 20 hadi 40 kila baada ya wiki tatu au nne. Anakujibu kwa barua. Mpango huu ulianza Marekani, katika chuo cha Goddard, mwaka 1976 kwa juhudi za mshairi Ellen Bryant Voigt, ukahamia chuo cha Warren Wilson mwaka 1981, na tangu hapo umeigwa na wengi. Goddard chenyewe kilifungwa mwaka 2024, jambo linalokumbusha kwamba vyuo vidogo hufa kama biashara nyingine. Kabla ya kulipa, chungulia hali ya fedha ya chuo.

Mimi hatimaye nilimalizia kwa njia hii, na barua moja bado ninayo. Kurasa nne za mwalimu juu ya kurasa 22 zangu. Alikuwa amenihesabia "ghafla" tisa. Mbele ya nane kati ya hizo ameandika, "Hapana, tulimwona akija tangu mbali." Warshani hakuna atakayekuhesabia "ghafla", kwa sababu kila mtu ana hadithi tatu za kusoma kabla ya Jumanne. Kwa hiyo kama tatizo lako liko kwenye sentensi, namna unavyoandika neno baada ya neno, barua ya mtu mmoja makini inashinda maoni ya watu kumi na mmoja. Kama tatizo ni kwamba hujui hadithi yako inafikaje kwa mtu asiyekujua, warsha inashinda.

Meza yako mwenyewe nayo inaweza kupata wasomaji, bila chuo. Watu wanne wanatosha. Sita ni wengi. Mkubaliane idadi ya kurasa, tarehe, na kwamba anayekosa kutuma bado anasoma za wenzake. Vikundi nilivyoviona vikifa vilikufa karibu mwezi wa tatu, na chanzo kilikuwa adabu zaidi ya ugomvi: mmoja hakutuma, wenzake wakamwonea haya kumwambia, mwezi uliofuata wakawa wawili. Kinachouzwa na chuo hapa ni ulazima. Ada inakufanya utume hata siku usiyotaka. Kama unaweza kujilazimisha mwenyewe, umeokoa pesa nyingi sana.

Lugha ya kurasa zako

Jambo hili kwenye ulinganisho wa Kiingereza hulikuti, kwa kuwa wao haliwahusu. Kozi hizi karibu zote ni za Kiingereza. Zipo chache za nje ya hapo: Iowa ina MFA ya Kihispania, na Chuo Kikuu cha Texas mjini El Paso kina ya lugha mbili, Kihispania na Kiingereza. Kwa Kiswahili utafika warshani na tafsiri.

Tatizo lake ni hili. Watu kumi na wawili wataisoma tafsiri yako na kutoa maoni juu ya tafsiri. Watakwambia mazungumzo ni mazito, kumbe kwa Kiswahili ni mepesi. Mafumbo yako watayaita fumbo lisiloeleweka. Shairi la mizani na vina litageuka maelezo ya shairi. Muundo watausaidia kweli, maana muundo unavuka lugha: nani anajua nini na lini, hadithi inaanza wapi, mama amesimama jikoni. Ila sikio lako la Kiswahili halitaguswa na mtu kwa miaka miwili, na sikio lisilotumika linapooza.

Kwa hiyo anayeandika kwa Kiingereza, au kwa lugha zote mbili, njia zote ziko wazi kwake. Anayeandika kwa Kiswahili tu, ningemwelekeza kwanza kwenye mambo mawili mengine. Kuna uzamili wa tafsiri ya fasihi, Iowa wanayo MFA yake, ambako kusoma neno kwa neno katika lugha mbili ndiyo kazi yenyewe, na mwandishi anajifunza humo zaidi ya anavyotarajia. Na kuna uzamili wa fasihi ya Kiswahili. Euphrase Kezilahabi hakusomea uandishi wa kubuni. Uzamivu wake wa mwaka 1985, Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, ulikuwa wa falsafa na uhakiki. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali aliyejiandikia. Huko si kusema shahada haina kazi. Ni kukumbuka tu kwamba katika lugha hii njia ya nne ndiyo iliyozaa vitabu tunavyovijua, na anayeifuata hajatupwa nje ya mlango.

Karatasi

Kwa kufundisha uandishi vyuo vikuu Marekani, MFA huhesabiwa kuwa shahada ya kilele katika fani hiyo, ila bila kitabu kilichochapishwa ajira ya kudumu ni ndoto. MA ya Uingereza haikupi hadhi hiyo. Huko wanaotaka kazi ya chuo huendelea na uzamivu, kwa kawaida riwaya au mkusanyo wa mashairi pamoja na tasnifu ya uhakiki, miaka mitatu hivi. Uzamivu wa Marekani ni mrefu zaidi na una mitihani mizito katikati. Mhariri wa vitabu hatakuuliza shahada. Atasoma ukurasa wa kwanza, akichoka ataweka chini.

Familia na viza

Tangu Januari 2024 Uingereza haimruhusu mwanafunzi wa uzamili wa kufundishwa kuja na mwenzi wala watoto, isipokuwa kozi za utafiti na wachache wengine. Marekani unaweza kwenda nao, lakini mwenzi wa mwanafunzi kwa viza ya F-2 haruhusiwi kufanya kazi, na posho ya mwandishi haikuumbwa kulisha watu wanne. Kozi ya mbali haikupi ukaazi. Unaingia kwa siku za kikao na kutoka. Nimeona watu wakipanga mwaka mzima juu ya chuo na kuligundua hili wiki ya mwisho.

Kuomba nafasi

MFA za Marekani hufunga maombi kati ya Desemba na katikati ya Januari kwa masomo ya Agosti au Septemba. Wanataka kurasa 25 hadi 30 za nathari au kama mashairi kumi, barua za mapendekezo tatu, na maelezo ya nia. Kila chuo kina ada ya maombi, mara nyingi kati ya dola 50 na 100. Omba msamaha wa ada hiyo, vingi vinao na havitangazi kwa sauti. Uingereza sampuli ni fupi zaidi na vyuo vingi hupokea maombi mwaka mzima, lakini anayetegemea Chevening ajue dirisha lake hufungwa miezi mingi kabla, mwishoni mwa mwaka uliotangulia.

Kinachoamua ni sampuli. Barua ya profesa maarufu haijawahi kuokoa kurasa dhaifu. Peleka hadithi iliyokamilika kuliko sura ya kwanza ya riwaya, labda sura hiyo iwe na mwili wake. Na kata mwanzo: hadithi nyingi ninazosomewa huanza mtu akiamka na kupiga mswaki, jambo lenyewe liko ukurasa wa tatu. Anayesoma maombi mia kadhaa hafiki ukurasa wa tatu.

Nani aende wapi

Mwenye njaa ya muda, asiye na watu wanaomtegemea, anayeandika kwa Kiingereza: aombe MFA zenye ufadhili kamili pekee, sita au nane, na akikosa zote aombe tena mwaka wa pili na sampuli mpya. Asijaze orodha kwa vyuo vya kulipia "ili tu nipate". Atapata, na hapo ndipo shida itaanza.

Mwenye mswada uliokwama, anayejua hasa pa kuugusa lakini anataka mwaka wa msukumo: MA ya Uingereza, akiwa na mfadhili wa nje. Akilipa mwenyewe, asome nusu muda kama uraia au viza yake inamruhusu kufanya kazi.

Mwenye kazi nzuri, familia, na sentensi zinazolegea: kozi ya mbali. Hapa achague mwalimu kuliko chuo. Asome vitabu vya walimu watatu kabla ya kutuma maombi, na kama hakuna hata mmoja aliyemfanya arudie ukurasa, aendelee kutafuta.

Anayeandika kwa Kiswahili na anataka wasomaji wa Kiswahili: meza yake, watu wanne, na pesa ambayo angelipa ada ampe mhariri mzuri asome mswada mzima mara mbili. Ukipima kwa kilichobaki mkononi mwishoni, sijui njia inayomzidi huyu.

Na kwa yeyote aliyepata nafasi: kwa vyuo vingi vya Marekani una hadi tarehe 15 Aprili kujibu ofa yenye ufadhili, kwa hiyo usikurupuke. Omba wakuunganishe na wanafunzi wawili wa mwaka wa mwisho, na usiwaulize kama wanafurahia. Waulize wameandika kurasa ngapi tangu wafike, na nani alizisoma zote. Mimi niliwahi kuuliza hivyo kwa chuo kimoja nilichokuwa nimekipania. Yule dada alikaa kimya kwenye simu, kisha akasema, "Ngoja nihesabu." Nikamsikia akifungua droo, karatasi zikapekuliwa, droo ikafungwa. "Kumi na nane," akasema. Alikuwa na mwaka na nusu pale.